Kuhama nyumba Dar bila kutapeliwa: namna ya kuwapata wahamishaji wa kuaminika

Kila mwisho wa mwezi maswali ni yale yale. "Nahama Tabata kwenda Madale, nani ana namba ya watu wa kuhamisha vyombo?" "Wameniomba nusu ya hela kwanza, nitume?" "Nichukue kampuni au Canter ya kijiweni?" Na lile la mwisho, ambalo huja jioni mtu akiwa amesimama barabarani: "Tulikubaliana bei, wamefika wanataka mara mbili na vyombo viko juu ya gari, nifanye nini?"

Mwongozo huu ni wa anayehama kwa mara ya kwanza, ndani ya Dar es Salaam au kutoka Dar kwenda mkoani. Kuna kanuni moja utakayoiona ikijirudia: usikubali mtu mmoja ashike vyombo vyako vyote na pesa yako yote kwa wakati mmoja. Kabla hajapakia, pesa yote ibaki kwako isipokuwa kianzio kidogo. Akishapakia, sehemu kubwa ya pesa bado ibaki kwako. Ukiwachunguza wengi waliolizwa, utakuta walilegea hapo.

Kuhusu kampuni au kijiwe: kama una chumba kimoja na unahamia mtaa wa pili, dereva wa Kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) anayejulikana kijiweni kwenu anatosha. Anajua kesho utapita pale pale, na wenzake wanakujua. Kuanzia vyumba viwili, au ukiwa na vioo vingi na friji kubwa, au ukienda mkoani, tafuta watu wenye usajili na makubaliano ya maandishi.

Andaa haya kwanza

- Orodha ya vyombo vyote, chumba kwa chumba. Daftari la kawaida linatosha.
- Video ya dakika 3 hadi 5 ya nyumba unayotoka. Fungua makabati na onyesha stoo. Watu husahau stoo, na ndiyo inayojaza robo ya gari.
- Video ya njia ya nyumba unayohamia, kuanzia lami hadi mlangoni. Kama ni Goba, Madale, Chanika au kokote kwenye kichochoro cha udongo, video hii ni muhimu kuliko ile ya kwanza.
- Upana wa geti, upana wa mlango wa mbele, idadi ya ngazi. Pima kwa futi kamba, usikadirie kwa macho. Angalia pia nyaya za umeme zilizolegea juu ya njia.
- Lokesheni za nyumba zote mbili.
- Watu watatu unaowaamini kwa siku ya kuhama. Kazi zao zinakuja hatua ya 9.
- Kufuli mbili mpya, maka peni, selotepu pana.
- Muda. Wiki mbili kwa kuhama ndani ya jiji, wiki tatu kwa mkoani. Anayetafuta gari leo ili ahame kesho huchukua yeyote anayepokea simu, na matapeli hupokea haraka sana. Ukiweza, kwepa tarehe 28 hadi 3 na siku za Jumamosi.

Hatua

1. Jua ukubwa wa mzigo wako kabla hujauliza bei.

Usipoujua, atakuambia yeye, na atakuambia siku ya kuhama. Pima urefu, upana na kimo cha kila chombo kikubwa kwa mita, zidisha, kisha jumlisha. Kabati la milango mitatu lenye mita 1.8 kwa 0.6 kwa 2 ni mita za ujazo zaidi ya 2 likiwa zima. Likifunguliwa mbao, halifiki hata nusu ya hapo.

Bodi ya Kirikuu, yaani sehemu ya kupakia, ni kama mita 1.9 kwa 1.4, na gari lenyewe limetengenezwa kubeba kilo 350. Godoro la futi 6 kwa 6 halilali humo, litasimamishwa. Canter ya bodi ndefu ina mita 4.3 kwa 1.9 hivi, na ukipanga hadi kimo cha mita 2 unapata mita za ujazo 16. Hiyo inatosha nyumba nyingi za vyumba viwili na sebule. Vyumba vitatu vilivyojaa vinataka Fuso, ambalo ni lori kubwa zaidi, au Canter tripu mbili.

Kumbuka Fuso ina upana wa karibu mita 2.5. Kama geti ni mita 2.4, gari litabaki nje na vijana watabeba kwa mkono hadi ndani. Hiyo ni gharama, na ni lazima ijulikane mapema.

2. Tafuta majina matatu, si moja.

Waulize waliohama ndani ya miezi michache iliyopita, na uliza swali mahususi: "Bei ya mwisho ilikuwa ile ile mliyokubaliana?" Mtu atakuambia "wazuri sana" kwa sababu vijana walikuwa na adabu, halafu ukimbana anakumbuka aliongezewa laki moja na nusu. Waulize pia wenye maduka ya samani na mafundi makochi. Wao hupeleka sofa mpya kwa wateja kila siku, wanajua nani anakwaruza na nani anafunga mablanketi.

Kama umewapata Instagram, gusa jina la akaunti kisha fungua "Kuhusu akaunti hii". Mara nyingi utaona ilianza lini na imewahi kubadilisha jina mara ngapi. Ukurasa uliofunguliwa mwezi uliopita wenye wafuasi elfu arobaini, au uliobadilisha jina mara tano, achana nao. Ukurasa wa Facebook una sehemu ya uwazi inayoonyesha majina ya zamani. Uliouza mitumba mwaka jana na leo unahamisha nyumba, uwe na wasiwasi nao. Kisha tazama picha za magari. Namba za magari zinaonekana, au zimefichwa zote? Kuna video ya kazi kwenye mitaa unayoitambua, au ni picha za malori ya nchi nyingine?

Maoni ya "Asanteni sana mko vizuri" yaliyowekwa yote siku moja hayana uzito wowote.

3. Kagua karatasi.

Omba jina kamili la kampuni au biashara, TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara na namba ya gari litakalokuja. Mkweli hutuma ndani ya saa moja. Halafu fanya haya:

Tafuta jina kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mtandaoni. Angalia kama lipo na kama linafanana herufi kwa herufi na lililo kwenye ukurasa wao. Linganisha na jina lililo kwenye TIN. Uliza kama gari lina leseni ya kubeba mizigo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, uone kama bima yake iko hai. Tazama na rangi ya kibao cha namba: gari la biashara lina kibao cheupe, la binafsi cha njano. Kibao cha njano kwenye gari la "kampuni" kinataka maelezo.

*Onyo.* Usajili wa BRELA hauthibitishi uaminifu, kwa kuwa yeyote anaweza kusajili jina. Faida yake ni kwamba ukidhulumiwa, kuna mtu wa kumtaja polisi na mahakamani. Asiye na usajili akizima simu, ushahidi wako unaishia hapo.

*Onyo la pili.* Bima ya gari hailindi vyombo vyako. Iwe bima ndogo au bima kubwa, gari likipinduka Mikumi, sofa yako haimo. Inayolinda vyombo ni bima ya mizigo iliyo safarini, na ni bima tofauti. Waulize kama wanayo na waonyeshe hati yake. Wengi wa bei nafuu hawana. Kama hawana, ujue kwamba hasara itakuwa kati yako na wao tu.

4. Waje waone, au watazame video.

Hapa ndipo utakapowajua. Tuma ujumbe ule ule kwa wote watatu: "Nahama Tabata kwenda Goba, vyumba viwili na sebule, tarehe 14. Bei gani?"

Jibu la kwanza: *"150,000 bosi gari lipo tayari. Tuma 80,000 ya mafuta tuje sasa hivi."*

Jibu la pili: *"Ni nyumba ya chini au ghorofa? Gari linafika mlangoni pande zote mbili? Kuna friji la milango miwili au mashine ya kufulia? Kabati linafunguka? Tuma video, au kijana aje aone kesho saa kumi jioni."*

Wa pili hajataja bei, na ndiye wa kuendelea naye. Anayetoa bei bila kuuliza chochote atakuja kuuliza siku ya kuhama, vyombo vikiwa nje na mwenye nyumba anataka funguo zake. Bei yake ndogo ni chambo.

5. Bei iwe ya kazi nzima, kwa maandishi.

Neno la kuchunga ni "tripu". "Laki moja na nusu" inaweza kuwa ya tripu moja ya Kirikuu, na vyombo vyako ni tripu nne. Andika hivi: *bei ni ya kazi yote mpaka chombo cha mwisho kiingie ndani.* Halafu uliza kimoja kimoja kama kimo ndani ya bei:

mafuta, idadi ya vijana, kupandisha na kushusha ngazi, kufungua na kufunga vitanda na makabati, na fundi ni nani, maboksi na mablanketi, tozo ya Daraja la Nyerere kama unahamia Kigamboni, au nauli ya kivuko, chakula cha vijana, muda wa kusubiri, na kichochoro kikiwa kibaya, nani analipia Toyo (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) au Kirikuu ya kuhamishia.

Hilo la mwisho limegombanisha watu wengi msimu wa masika. Canter inafika njia panda, dereva anaona tope, anasema mwisho hapa. Kama uliwatumia video ya njia na wakaiona, mjadala ni mfupi.

Ukipata bei tatu na moja iko nusu ya nyingine mbili, iache. Mafuta yana bei moja kwa wote na vijana wanalipwa. Pesa iliyopungua atakuja kuidai kwako kwa njia nyingine.

6. Andika makubaliano.

Ukurasa mmoja unatosha. Mfano:

> Leo tarehe …, mimi … nimekubaliana na … (TIN …) kuhamisha vyombo 64 vilivyo kwenye orodha iliyoambatishwa, kutoka … hadi …, tarehe 14, kuanzia saa 2 asubuhi. Gari ni Canter yenye bodi, namba T …. Vijana 4. Bei ya kazi nzima ni Sh 380,000, ikiwa na mafuta, kupakia, kushusha, kufungua na kufunga vitanda 2 na kabati 1. Malipo: 60,000 kushika nafasi, 120,000 gari likishapakiwa, 200,000 baada ya kushusha na kuhesabu. Bei haibadiliki kwa vyombo vilivyo kwenye orodha. Kilichopotea au kuvunjika mikononi mwa mhamishaji kitakatwa kwenye malipo ya mwisho. Kikizidi hapo, atalipa ndani ya siku 14. Friji, TV na mashine ya kufulia vitajaribiwa ndani ya saa 24. Sahihi, jina na namba ya simu ya kila upande, na ya shahidi mmoja.

Angalia mgawanyo wa pesa: zaidi ya nusu inabaki mkononi mwako mpaka mwisho. Hata hivyo mhamishaji naye hakuachwa mikono mitupu, kwa kuwa pesa ya mafuta na ya vijana anaipata gari likishapakiwa. Anayekataa kabisa mpango wa namna hii na kung'ang'ania yote mbele, mwache.

Kama mnafanya kwa WhatsApp, andika maneno hayo hayo na mwombe ajibu "Nimekubali" kwa maandishi. Piga skrinishoti, mtumie na ndugu yako. Mazungumzo ya kupiga simu hayakusaidii baadaye.

7. Lipa kianzio kwa njia inayoonyesha jina.

Kianzio kisizidi asilimia 20 ndani ya jiji, na 30 kwa mkoani. Lipa kwa lipa namba ya biashara au akaunti ya benki yenye jina lile lile ulilokagua. Ukilipa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Kama ni jina la mtu usiyemjua, simama hapo hapo, bila kujali maelezo ya "huyo ni mhasibu wetu" au "laini ya ofisi ina tatizo".

Na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unakuja hata kwenye kuhama. Umeshakubaliana na kampuni, siku mbili kabla unapokea ujumbe kutoka namba mpya ukisema akaunti imebadilika. Usijibu. Piga namba ya zamani, ongea na mtu yule yule uliyekubaliana naye.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ina namba ya kuhakiki ambayo unaweza kuiangalia kwenye tovuti ya TRA. Risiti ya kuandikwa kwa mkono ina nguvu ndogo.

8. Hesabu na weka namba kabla hawajafika.

Kila boksi liandikwe namba na jumla: 1/38, 2/38, mpaka 38/38. Andika ubavuni pande mbili, si juu, maana juu kutafunikwa na boksi jingine. Kilichomo ndani usikiandike kwenye boksi. "Laptop na kamera" kwenye boksi ni mwaliko. Andika namba na chumba tu, na maelezo yabaki kwenye daftari lako.

Washa TV, friji na mashine, piga video zikifanya kazi, kisha zima. Piga picha kona za kabati, miguu ya meza, kioo cha dressing table. Mikwaruzo ya zamani ionekane pia, maana haki iko pande zote.

Vyeti, kitambulisho cha NIDA, hati, pesa, dhahabu, laptop, dawa za kila siku na nguo za siku mbili havipandi gari. Beba mwenyewe. Funga mtungi wa gesi, toa regyuleta, na mtungi usafirishwe ukiwa wima.

9. Siku yenyewe: kagua gari, kisha wagawe watu wako watatu.

Gari likifika, hakuna kinachoguswa mpaka umefanya mambo manne. Namba ya gari ni ile iliyo kwenye makubaliano? Piga picha kibao na gari zima. Dereva aonyeshe leseni ya udereva, piga picha. Vijana ni wangapi, majina yao? Soma bei kwa sauti mbele ya wote: "Kazi nzima ni laki tatu na themanini, kianzio nimelipa sitini, sawa?" Sekunde kumi hizo huzuia ugomvi wa jioni, kwa sababu vijana nao wamesikia na hawataambiwa hadithi nyingine na dereva.

Mtu wako wa kwanza atangulie nyumba mpya akiwa na funguo. Wa pili asimame mlangoni mwa gari na daftari, akiweka tiki kila namba inapopanda. Wa tatu awe ndani, atoke wa mwisho baada ya kupita kila chumba, juu ya makabati na nyuma ya milango. Kama ninyi ni wawili tu, wa mlangoni mwa gari ndiye asiyekosekana.

Sofa na magodoro yasiburuzwe. TV isafiri imesimama, imebanwa kati ya magodoro mawili. Ikilazwa kioo kinaweza kupasuka kwa mtikisiko mmoja tu. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele irudishiwe zile bolti za kuzuia ngoma. Gari la wazi lifunikwe turubai hata kama jua linawaka.

Bodi ikifungwa, weka kufuli lako, funguo mfukoni mwako. Hapo ndipo unapolipa awamu ya pili.

10. Njiani usiliache gari peke yake.

Mtu wako mmoja apande kabini. Kama hakuna nafasi, fuateni nyuma kwa bajaji au bodaboda. Hakuna kupitia "kuchukua mzigo mdogo wa mteja mwingine", na hakuna boksi linalotangulizwa kwa bodaboda ili "kupunguza uzito". Vitu vidogo vya thamani hupotea kwa njia hiyo.

11. Shusha, hesabu, kisha lipa.

Tiki ya pili kwenye daftari kila namba inapoingia mlangoni. Vitanda vifungwe na vijaribiwe kwa kukaliwa. TV iwashwe hapo hapo. Hakikisha LUKU ya nyumba mpya ina uniti tangu jana yake. Friji lisimame wima angalau saa 4 kabla ya kuwashwa, na kama lililazwa safari nzima, subiri mpaka kesho. Ndiyo maana kipengele cha saa 24 kimo kwenye makubaliano.

Maboksi 38 kwa 38, na vyombo vingine vyote vya kwenye orodha vimo? Lipa iliyobaki papo hapo, yote, bila kuwazungusha. Wakiwa wamefanya vizuri, waongeze ya soda. Vijana hawa hubeba friji ghorofa ya tatu kwa mgongo.

12. Badilisha vitasa vya nyumba mpya siku hiyo hiyo.

Mpangaji wa zamani ana nakala ya funguo, dalali huenda anayo, na sasa kuna watu watano wanaojua ulicho nacho na mahali ulipokiweka.

Ukienda mkoani

Dodoma ni kilomita 450 hivi, Mbeya zaidi ya 800, Mwanza zaidi ya 1,100. Umbali huo unabadilisha mambo matatu.

La kwanza ni kuchanganywa. Wengi wa bei nafuu hupakia wateja wawili au watatu kwenye Fuso moja. Si utapeli kama ulielezwa. Lakini andika kama gari ni lako peke yako au ni la kuchanganya. Kama ni la kuchanganya, dai turubai au ukuta wa mbao kati ya mizigo, na namba zako ziwe na herufi yako: N-1/38, N-2/38.

La pili ni mizani. Malori yenye uzito wa kuanzia tani 3.5 hulazimika kupita mizani, kama ile ya Vigwaza. Dereva anaweza kukupigia: "Mzigo umezidi, tumepigwa faini, tuma laki tatu." Fanya hesabu. Vyombo vya ndani vilivyopangwa vizuri vina kilo 110 hivi kwa kila mita ya ujazo. Bodi ya mita 7 kwa 2.3 ikijazwa hadi kimo cha mita 2.3 ni mita za ujazo 37, yaani tani 4 tu. Vyombo hujaza nafasi kabla ya kujaza uzito. Kama Fuso yenye vyombo vya nyumba imezidi kweli, basi kuna saruji au mahindi ya mtu mwingine humo. Mwambie atume picha ya karatasi ya mizani na ujibu kwa utulivu.

La tatu ni gari kubadilishwa njiani. "Gari limekufa Gairo, tumehamishia jingine." Inatokea kweli. Kwenye makubaliano andika kwamba hakuna kuhamishia gari jingine bila kukupigia simu ya video kwanza, ukaona namba mpya na vyombo vyako vikihesabiwa. Pakia mchana, na kufuli yako iambatane na sili ya plastiki yenye namba, ikikatwa utajua.

Mambo yakiharibika

*Wamefika na gari dogo kuliko mlilokubaliana.* Usipakie kwanza. Chaguo ni mbili: walete lile la kwanza, au wafanye tripu zozote zitakazohitajika kwa bei ile ile. Mwandikie mwenye kampuni kwa WhatsApp, apate kujibu, kisha endelea.

*Wanaongeza bei kabla ya kupakia.* Kataa. Hapa bado una nguvu, umepoteza kianzio tu. Ndiyo maana kilikuwa kidogo.

*Wanaongeza bei vyombo vikiwa juu ya gari, hawataki kushusha.* Usipigane na usimtukane mtu. Hakikisha picha ya kibao na leseni ya dereva imeshafika kwa ndugu yako. Mwite mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwonyeshe makubaliano. Mara nyingi sana mambo huisha hapo, kwa kuwa dereva anayefahamu amekosea hataki kuandikwa. Wakitaka kuondoka na vyombo, piga 112 na nenda kituo cha polisi kilicho karibu uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako polisi. Ukilazimika kulipa nyongeza ili upate vyombo, lipa kwa simu au benki, kamwe si taslimu, na mara moja andika ujumbe kwao: "Nimelipa nyongeza ya Sh … kinyume na makubaliano ili vyombo vishushwe." Ujumbe huo utakusaidia ukidai mahakama ya mwanzo.

*Umetuma kianzio, simu haipatikani.* Kila dakika ina thamani. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako kwa namba 100 uombe muamala uzuiwe. Pesa ikiwa bado haijatolewa kuna nafasi ya kuirudisha. Itume namba ya tapeli kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Nenda polisi na skrinishoti za ukurasa, mazungumzo na muamala, maana ukurasa utafutwa. Usimlipe "mtu wa kukusaidia kurudisha hela" atakayekutafuta kesho yake. Mara nyingi ni yule yule.

*Boksi moja halipo.* Kabla ya kumtuhumu mtu, angalia kabini, chini ya turubai lililokunjwa, ndani ya kabati na mashine ya kufulia, na nyumba ya zamani. Bado halipo? Daftari lina tiki ya kupanda, halina ya kushuka. Mwonyeshe dereva, zuieni malipo ya mwisho kwa thamani yake, na andikeni wote wawili kwa sahihi.

*Chombo kimevunjika.* Picha papo hapo, kabla ya kukisogeza, na kijana aliyekibeba awepo. Bei ya kutengeneza iulizwe kwa fundi, si kwa kukadiria. Kochi lililochanika kitambaa halilipwi bei ya kochi jipya.

*Mvua imeanza katikati ya kupakia.* Simamisha kazi, funikeni, subirini. Kochi likilowa, sponji hubaki na harufu kwa miezi. Saa moja ya kusubiri ni ndogo mbele ya hilo.

*Kijana mmoja amerudi siku mbili baadaye, anasema alisahau kamba.* Ongea naye getini. Kamba itafutwe na wewe, umpelekee nje, na umjulishe mwenye kampuni kwa simu wakati huo huo akiwa amesimama pale.